UZI: Mchele, aseniki, na nani huamua kiwango cha sumu

1. Kila mjadala wa mchele ukirudi, lazima kuna mtu atasimama jukwaani ama kwa runinga aseme mchele wa nje ni sumu. Mwingine atamjibu kwamba hizo ni hadithi za kulinda biashara ya wachache. Nasi huku mitandaoni tunagawana pande kama mashabiki wa mpira. Leo sichukui upande. Nataka niwape historia ya sumu yenyewe, kwa sababu ipo, ina jina, na inapimika. Ni uzi mrefu, chukueni chai.

2. Nilianza kuisoma kwa aibu. Nilikuwa nimesambaza ujumbe kwa grupu ya familia, ule wa herufi kubwa, unaosema mchele fulani wa kutoka nje unaua. Dadangu mkubwa akanipigia simu. Mtoto wake alikuwa na miezi minane na alikuwa akila uji wa mchele karibu kila siku. Akaniuliza, "Wewe ndiye unasoma chuo. Nimpe ama nisimpe?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa na hasira za kisiasa tu, na hasira hazimlishi mtoto.

3. Tuanze na msingi. Aseniki ni elementi iliyo kwenye miamba na udongo tangu dunia iwe dunia. Iko ya aina mbili: ya kikaboni, ambayo madhara yake ni madogo zaidi, na isokaboni, ambayo ndiyo hatari. Hii ya pili imewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, katika kundi la kwanza, yaani ushahidi kwamba inasababisha saratani kwa binadamu umetosha. Hapa tunaongelea saratani ya ngozi, ya mapafu na ya kibofu. Pia inahusishwa na magonjwa ya moyo. Haikuangushi leo. Inajikusanyia madhara polepole kwa miaka.

4. Kama unashangaa sumu ya asili inaingiaje kwa maji safi, waulize watu wa Nakuru, Gilgil ama Naivasha kuhusu meno ya kahawia. Hiyo ni floridi, inatoka kwa miamba ya Bonde la Ufa. Hakuna adui aliyeimwaga. Maji yanaweza kuwa meupe, matamu, bila mdudu hata mmoja, na bado yakawa na kitu ambacho jicho halioni. Kumbukeni hilo tunapoenda Bangladesh.

5. Miaka ya 1970. Bangladesh imetoka tu kupata uhuru mwaka 1971. Watoto wanakufa kwa kuhara kwa sababu watu wanakunywa maji ya mabwawa na mito. Serikali, ikisaidiwa na UNICEF na wafadhili wengine, inaanzisha mpango wa kuchimba visima vyembamba vya bomba, vya kupampu kwa mkono. Baadaye familia zikajichimbia vyao. Vilifika mamilioni. Mwishoni mwa miaka ya 1990 karibu nchi nzima ilikuwa inakunywa maji ya chini ya ardhi. Kila mtu aliuhesabu mpango huo kuwa ushindi, na kweli uliwaondoa watu kwenye maji machafu.

6. Lakini maji yale hayakupimwa aseniki. Upande wa pili wa mpaka, jimbo la West Bengal nchini India, daktari wa ngozi K. C. Saha wa Calcutta alianza kuwaona wagonjwa wenye madoa na vigutu vigumu viganjani mwaka 1983. Alifuatilia hadi kwenye visima vyao. Bangladesh yenyewe, aseniki ilithibitishwa kwenye visima vya Chapai Nawabganj mwaka 1993. Hesabu hapo: miaka kumi kati ya ugunduzi mmoja na mwingine, na jiolojia ni ile ile pande zote mbili. Mpaka uliowekwa na binadamu ulizuia habari. Haukuzuia sumu.

7. Mwaka 2000 makala iliyochapishwa kwenye jarida la Shirika la Afya Duniani ilikadiria kwamba watu kati ya milioni 35 na milioni 77, katika nchi ya watu milioni 125, walikuwa hatarini. Ikaliita janga hilo kubwa zaidi la aina yake katika historia, likiwazidi hata Bhopal na Chernobyl kwa ukubwa. Visima vikaanza kupimwa na kupakwa rangi: kijani unywe, nyekundu usinywe. Mamilioni ya visima.

8. Sasa swali la mwanafunzi wa siasa: nani wa kulaumiwa? Mwaka 1992 taasisi ya jiolojia ya Uingereza ilikuwa imepima maji ya visima kadhaa Bangladesh, ikaangalia elementi nyingi, lakini aseniki haikuwemo. Mgonjwa mmoja akaenda mahakamani London. Kesi ikafika hadi House of Lords, na mwaka 2006 majaji wakaitupa. Hoja yao kwa ufupi: taasisi hiyo haikuwa na mamlaka juu ya maji ya Bangladesh wala wajibu wa kisheria kwa wanywaji wake. Unaweza kukubali ama kukataa, lakini funzo ni zito. Kutopima kunaweza kuumiza watu mamilioni, na bado mahakamani akakosekana wa kuwajibika.

9. Subiri, siasa bado. Mwaka 2016 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kwamba watu kama milioni 20 Bangladesh walikuwa bado wanakunywa maji yenye aseniki kupita kiwango cha nchi hiyo. Visima virefu, ambavyo huwa salama zaidi, vilikuwa vinachimbwa na serikali. Lakini sera iliwapa wabunge sauti juu ya nusu ya sehemu za kuchimba, na vingine vikaishia karibu na nyumba za wafuasi wao badala ya kule sumu iko juu. Mkenya yeyote aliyeona kisima cha pesa za umma kikichimbwa ndani ya ua la mtu hahitaji mkalimani hapa.

10. Mtaniuliza mchele uko wapi. Unakuja. Bangladesh ina msimu wa mpunga wa kiangazi unaoitwa boro. Mvua hakuna, kwa hivyo mashamba hunyweshwa maji ya chini ya ardhi, mengi sana, kila mwaka. Yale maji yenye aseniki yakawa yanamwagwa shambani. Mapema miaka ya 2000 watafiti, akiwemo Andrew Meharg wa Aberdeen, walianza kuonyesha kwamba aseniki inaingia kwa udongo na kwa punje. Kwa hivyo hata aliyehamia kisima cha kijani alikuwa bado anakutana nayo kwa sahani.

11. Kwa nini mpunga na si ngano? Kwa sababu ya jinsi tunavyoulima. Shamba likifurika maji, hewa inaisha kwenye udongo. Hewa ikiisha, chembe za chuma zilizokuwa zimeishika aseniki zinayeyuka na kuiachilia. Mizizi ya mpunga nayo ina njia maalum za kunyonya silika, kitu kinachoupa mmea nguvu ya kusimama. Aseniki ya shamba lililofurika inafanana na silika, basi inapita mlango ule ule. Watafiti wa Japani walieleza njia hizo mwaka 2008. Matokeo yake, mpunga unaweza kubeba karibu mara kumi ya aseniki inayobebwa na nafaka kama ngano.

12. Ina maana hata udongo wa kawaida kabisa, usio na uchafuzi wowote, utatoa mchele wenye aseniki kidogo. Hakuna mchele wa sifuri. Mtu akikuambia mchele wake hauna aseniki hata chembe, huyo anakuuzia kitu. Swali la kweli ni kiasi gani, na hapo ndipo siasa inaingia kwa mlango wa mbele.

13. Kabla ya hapo, tuvuke bahari twende Marekani, kwa sababu kuna watu hudhani hili ni tatizo la nchi maskini. Mwishoni mwa karne ya 19 mdudu wa pamba aliingia Texas kutoka Mexico na kuharibu mashamba ya kusini. Wakulima wakapigana naye kwa miongo mingi wakitumia dawa zenye aseniki. Pamba ilipopungua, baadhi ya mashamba yale yakageuzwa ya mpunga. Aseniki haiozi. Ilibaki pale udongoni ikingoja mizizi.

14. Mwaka 2007 utafiti uliolinganisha mchele wa madukani Marekani ulikuta ule wa majimbo ya kusini ya kati una aseniki zaidi ya ule wa California, na watafiti wakaitaja historia hiyo ya pamba. Nchi moja, bendera moja, sheria moja ya chakula, lakini mifuko miwili tofauti. Basi mtu anayesema "wa ndani ni salama, wa nje ni sumu" ajibu kwanza: wa ndani ya shamba gani?

15. Mwaka 2012 jarida la watumiaji bidhaa, Consumer Reports, lilipima mchele na vyakula vya watoto vya mchele likatoa matokeo hadharani. Kelele zikaanza. Mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ikapendekeza uji wa mchele wa watoto wachanga usizidi mikrogramu 100 za aseniki isokaboni kwa kilo. Sababu waliyotoa ilinifanya niketi chini. Kwa kulinganisha na uzito wa mwili, mtoto mchanga hula mchele karibu mara tatu ya mtu mzima, na kilele chake ni takriban miezi minane. Umri ule ule wa mtoto wa dadangu.

16. Pendekezo lilikuja kukamilishwa Agosti 2020, na lilikuwa mwongozo tu, halikuwa sheria ya kumfunga mtu. Lakini angalieni kilichotokea sokoni. Sampuli za 2011 hadi 2013, asilimia 36 tu ndizo zilizokuwa ndani ya 100. Za 2014, asilimia 47. Za 2018, asilimia 76. Watengenezaji walikuwa wakitafuta mchele bora hata kabla mwongozo haujapita rasmi. Kumbe iliwezekana. Kilichokuwa kimekosekana ni mtu wa kupima na kutangaza.

17. Sasa kiwango chenyewe hutoka wapi? Wengi hudhani ni mstari: chini yake uko salama, juu yake utaugua. Hapana. Mwaka 2010 kamati ya wataalamu ya FAO na WHO iliondoa kiasi cha kila wiki ilichokuwa imekubali zamani, kwa kuwa ushahidi ulionyesha madhara yanaweza kutokea ndani ya kiasi hicho hicho. Hawakuweka kingine. Yaani wataalamu wenyewe walikosa mahali pa kusema "hapa ndipo salama".

18. Lakini biashara inahitaji namba. Codex, chombo cha FAO na WHO cha viwango vya chakula, kilipitisha mwaka 2014 miligramu 0.2 za aseniki isokaboni kwa kilo ya mchele mweupe. Mwaka 2016 kikaongeza 0.35 kwa mchele usiokobolewa kabisa, kwa sababu aseniki hukaa zaidi kwenye ganda la nje. Ndiyo, ule mchele wa kahawia tunaoambiwa ni wa afya. Kanuni ya Codex ni kwamba kiwango kiwe chini kadiri inavyowezekana, bila kuvuruga mno uzalishaji na biashara. Soma tena hayo maneno ya mwisho. Hapo ndipo mizani inapowekwa.

19. China ilikuwa na kiwango kikali zaidi, 0.15, tangu mwaka 2005, kisha ikalegeza hadi 0.2. Umoja wa Ulaya ulianza na 0.20 Januari 2016, na 0.10 kwa mchele wa chakula cha watoto. Mwaka 2023 ukaushusha ule wa watu wazima hadi 0.15. Mwili wa mtu wa Berlin na wa Beijing ni mmoja. Kinachotofautiana ni mchele kiasi gani watu wanakula, mchele gani unapatikana, na nani alikuwa na sauti kwenye kile kikao.

20. Turudi nyumbani. Sisi tunaijua hii hadithi kwa jina lingine: aflatoksini. Mwaka 2004 Makueni, Kitui na maeneo jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yaliyoota kuvu. Mahindi yale yalikuwa ya hapa hapa, mengi ya shambani kwa watu wenyewe. Leo kila mtu anajua kuuliza aflatoksini, hata mama wa duka la unga. Tulijifunza kwa makaburi.

21. Halafu Machi 2021 Kenya ikasimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hiyo hiyo ya kuvu. Siku chache baadaye ikaruhusu tena kwa masharti ya usajili na cheti cha chini ya mikrogramu 10 kwa kilo. Kuna waliosema ni afya, wengine wakasema ni biashara. Mimi naona zilikuwa zote mbili, na hilo halishangazi. Usalama wa chakula ni hoja halali ambayo pia ni rahisi kuigeuza rungu. Dawa ya hilo rungu ni kudai vipimo vya pande zote mbili.

22. Kwa mchele, mnajua hali yetu. Tunakula kuliko tunavyolima, na sehemu kubwa inatoka Pakistan, India, Tanzania na Thailand. Mwaka 2025 serikali ilitangaza kuruhusu tani 500,000 bila ushuru, na Mahakama Kuu ya Kerugoya ikasimamisha kwanza. Nilifuatilia ule mjadala karibu kila siku. Nilisikia bei, ushuru, mabroka, wakulima wa Mwea wenye magunia ghalani. Yote ni ya maana. Lakini sikumsikia hata msemaji mmoja kwa jukwaa, wa upande wowote, akitaja namba moja ya aseniki. "Sumu" niliisikia. Namba, hapana.

23. Na Mwea, tafadhali, tusiitumie kama bendera tu. Skimu ile ilianza miaka ya 1950 wakati wa hali ya hatari, kwa jasho la wafungwa wa vita vya uhuru. Watu wake wanastahili zaidi ya kusifiwa wakati wa kampeni. Tangu mwaka 2009 hivi kuna wakulima pale wanaotumia kilimo cha kunyweshea na kukausha kwa zamu, lengo likiwa kuokoa maji na kuongeza mavuno. Kwingineko duniani njia ya aina hiyo imeonekana kupunguza aseniki kwenye punje, kwa sababu udongo unapata hewa. Ina bei yake pia: udongo ukikauka sana, kadmiamu, metali nyingine mbaya, inaweza kupanda. Kwa hivyo tunarudi pale pale. Pima.

24. Basi mara nyingine mtu akisema kwa mjadala "mchele huu ni sumu", muulize maswali manne. Sumu gani? Kama ni aseniki, isokaboni ama jumla? Ngapi kwa kilo, na imepimwa na maabara gani? Na ule mwingine unaotuuzia wewe, umepimwa na hiyo maabara? Akijibu yote manne, msikilize, hata kama si wa upande wako. Akikosa hata moja, anatafuta kura ama anatafuta soko.

25. Ongezeni swali la tano kwa serikali yoyote itakayokuwepo: matokeo ya vipimo vya mchele, wa nje na wa ndani, yanachapishwa wapi ili Wanjiku ayasome? Marekani soko lilibadilika matokeo yalipowekwa hadharani. Bangladesh watu waliumia kwa miaka kwa sababu hakukuwa na matokeo ya kuweka.

26. Wale mnaouliza mambo ya jikoni, haya ndiyo ninayoweza kusema bila kujifanya daktari. Kupika mchele kwa maji mengi safi kisha kuyamwaga hupunguza aseniki isokaboni, FDA wanasema kwa asilimia 40 hadi 60, ila unapoteza pia baadhi ya vitamini. Basmati kwa wastani huwa na kiasi kidogo kuliko aina nyingi. Na kula vyakula tofauti tofauti kunasaidia zaidi ya yote. Wali wa Jumapili na pilau ya harusi havijawahi kuwa tatizo. Tatizo ni kitu kimoja, kila siku, kwa mwili mdogo.

27. Nilimpigia dadangu nikamwambia hivyo. Mchele si wa kutupa, lakini usiwe uji wake wa kila siku. Abadilishe: wimbi leo, viazi kesho, ndizi, mahindi yaliyokaushwa vizuri. Na kama ana shaka, amuulize muuguzi wa kliniki anakompeleka mtoto. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hivyo ile meseji yako ya herufi kubwa ilikuwa ya nini?" Nikamwomba msamaha. Kwa grupu ya familia nimeifuta. Waliokwisha kuituma mbele siwezi kuwafuata wote, ndiyo maana nimeandika uzi huu.

28. Mwisho. Kama una matokeo halisi ya vipimo vya mchele wetu, kutoka chuo ama maabara, weka hapa chini tusome pamoja. Matusi ya vyama pelekeni kwingine.